Jinsi ya kuandaa chakula cha jioni chenye mgeni wa kuzungumzia mambo ya dunia: mwongozo kamili kutoka Arusha

Arusha wamejaa watu wanaoandika, wanaohukumu na wanaosuluhisha mambo ya nchi nane, na jioni wananunua nyanya soko lilelile tunalonunua sisi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, pamoja na Bunge lake na Mahakama yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa tangu 2007. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifungwa mwisho wa 2015, lakini baadhi ya waliofanya kazi humo walishajenga na kusomesha watoto huku, hawakuondoka. Ukiwa na meza, sufuria ya pilau na ujasiri wa kutuma ujumbe, unaweza kumleta mmoja wao akae nanyi kwa muda wa karibu saa tatu.

Kikundi chetu kinafanya hivyo kila baada ya miezi miwili. Jioni ya kwanza tuliivuruga vibaya. Tulikodi ukumbi wa hoteli moja mjini, tukaweka meza kuu yenye kitambaa cha satini na maua ya plastiki, tukamwalika mgeni mwenye cheo kirefu. MC alitambulisha watu dakika 25. Mgeni akatoa karatasi mfukoni akasoma kurasa 14, neno kwa neno. Saa 3 na robo usiku pilau ilifunuliwa ikiwa imepoa, mafuta yameganda kwenye mbavu za mbuzi, na wanaokaa Usa River, nje ya mji, walikuwa wanaulizana kwa macho nani ana gari. Hakuna swali hata moja lililoulizwa.

Tulichokosea ni kuandaa kongamano tukaliita chakula cha jioni. Watu waliokaa wakitazamana huku wanamega ndizi huuliza vitu ambavyo hawatauliza wakiwa wamepangwa kwenye mistari mbele ya jukwaa. Karibu kila kitu kilicho hapa chini kinatokana na hilo.

1. Anza na swali, mgeni baadaye

Wengi huanza kwa kusema, "Tumtafute balozi fulani." Akishakubali ndipo wanajiuliza azungumzie nini, na jibu linakuwa "hali ya siasa duniani". Kichwa cha namna hiyo hakina mlango wala dirisha. Mgeni atazunguka dunia nzima kwa nusu saa na kurudi alipoanzia.

Andikeni swali moja ambalo mtu anaweza kulijibu vizuri au vibaya. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti: nani alipiga simu kwa nani katika siku hizo? Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022 na Somalia ikafuata: soko limepanuka kwenye ramani, je, dereva wa lori ameona tofauti gani barabarani? Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kufungua kesi moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika: mtu wa Sakina, mtaa wa hapa Arusha, mwenye malalamiko yake sasa anapita njia gani?

Swali likiwa hivyo, jina la mgeni huja lenyewe.

2. Mgeni

Kuna aina tatu za wageni, na si wote wanafaa kwa meza.

Wa kwanza ni mwanadiplomasia aliye kazini. Anapendeza, anakuja kwa wakati, anazungumza vizuri. Lakini Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 41, unamkataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi aliyopelekwa, na serikali yake inamlipa ili aseme msimamo wake. Ukimuuliza kuhusu uchaguzi wetu atakusifia Mlima Meru. Usimlaumu. Mwalike pale swali linapohusu nchi yake yenyewe, namna inavyopanga bajeti ya misaada kwa mfano, hapo atakuwa na la kusema. Na wakija mabalozi wawili, jua kwamba kutangulia kwao kwa heshima hakutokani na ukubwa wa nchi. Kifungu cha 16 cha mkataba huohuo kinaangalia nani alianza kazi mapema hapa nchini.

Wa pili ni mstaafu. Huyu ndiye dhahabu. Hana mkubwa wa kumwogopa, ana kumbukumbu, na ana hamu ya kuulizwa. Kasoro yake ni moja: hadithi ya 1987 inaweza kumaliza jioni nzima. Tutarudi kwa hilo kwenye sehemu ya 7.

Wa tatu ni mtu wa kazi, asiyejua kwamba anafanya mambo ya kimataifa. Wakala wa forodha. Askari aliyevaa kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa, akilinda amani nchi ya mbali. Mkalimani. Kwenye kesi za Rwanda maneno ya shahidi yalikuwa yakitoka Kinyarwanda, yakipitia Kifaransa, ndipo yanafika Kiingereza. Mtu aliyekaa kwenye kibanda cha ukalimani miaka kumi ana mengi ya kusema kuhusu haki kuliko profesa. (Ila muulize kabla ni mambo gani kiapo chake kinamzuia kuyagusa, uwaambie wageni wote mapema.)

Jioni yetu bora mpaka leo ilikuwa ya wakala wa forodha wa Namanga, mpakani na Kenya. Hakuja na hotuba. Alikuja na faili la kijani lililolegea, akalizungusha mezani kama sahani ya kachumbari. Ndani mlikuwa na karatasi za shehena moja ya mahindi: cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea, majibu ya maabara, kila moja na mihuri yake. Mama mmoja muuza nafaka alihesabu mihuri kwa sauti, akafika 11, akauliza, "Sasa hii Jumuiya ni ya nani, ya kwetu au ya wino?" Kutoka hapo hakuna aliyehitaji kuchochewa. Mtu mmoja akakumbusha kwamba kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Desemba 2018 ili lori lisimame mara moja badala ya mbili. Wakala akakubali kuwa hilo limesaidia, kisha akaeleza wapi foleni ilihamia.

Mwandikie mgeni wiki sita kabla, kwa ujumbe mfupi wenye kila kitu. Mfano wa kwetu kwa mstaafu:

"Shikamoo Balozi. Naandika kwa niaba ya kikundi cha watu 24 wa hapa Arusha tunaokula pamoja kila baada ya miezi miwili na kumsikiliza mgeni mmoja. Tunaomba utujie Alhamisi ya tarehe 12, saa 12:30 jioni hadi saa 3:15 usiku. Swali letu ni moja: mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyomalizikia hapa Arusha Agosti 2000 yalikwama wapi, na yalikwamuliwa na nini baada ya Mwalimu kufariki na Mzee Mandela kuyapokea? Tunaomba dakika 20 bila kusoma karatasi, kisha maswali. Hakuna mwandishi wa habari, hakuna kurekodi, na uliyosema hayatatajwa kwa jina lako nje ya chumba. Gari litakufuata na kukurudisha. Mama akiweza kuja naye tutafurahi zaidi. Kama kuna chakula usichotumia, tafadhali tujulishe."

Mpigie simu siku tatu baada ya ujumbe. Mzee asiyejibu maandishi mara nyingi anasubiri sauti.

Kuhusu bahasha: mtumishi wa umma aliye kazini usimpe fedha, unamweka pabaya. Mpe usafiri na zawadi ndogo, kilo ya kahawa ya hapa inatosha. Mstaafu au mtu wa kazi aliyefunga shughuli zake kuja kwako, mrudishie gharama zake mapema na kwa siri, siyo mlangoni mbele ya watu.

3. Watu na meza

Wanaochanga wasizidi 24. Wakifika 30 mtahitaji kipaza sauti, na kipaza sauti kikishaingia, kila anayekishika anageuka mwanasiasa.

Changanya kazi. Mwalimu, mfanyabiashara wa nafaka, wakili, muuguzi, mwongoza watalii, mchungaji, dereva wa masafa marefu. Ukijaza wanasheria watupu mtasikia vifungu mpaka saa 5. Acha nafasi mbili za wanafunzi wasiolipa, na uwaambie kwamba swali la kwanza ni lao. Kijana akitangulia kuuliza, wakubwa wanaona aibu kuhutubia.

Panga meza kwa umbo la U, au nne za duara zenye watu saba saba. Mgeni akae katikati ya watu, mgongo ukutani, mbali na mlango wa jikoni. Kwenye kadi za mezani andika majina tu. Ukianza kuandika vyeo, itabidi uviandike vyote, na kuna atakayeona chake kimepunguzwa herufi.

4. Siku

Alhamisi. Ijumaa jioni Wasabato wameshaingia Sabato jua likizama, na wengine wanasafiri. Jumamosi ni harusi na vikao vya harusi. Jumapili watu wanawaza Jumatatu. Epuka wiki za Bunge la Bajeti kama mgeni wako anatoka serikalini. Wakati wa Ramadhani si lazima kuacha: geuzeni jioni iwe futari, muda uanze na magharibi, uji na tende vitangulie, na mtenge chumba cha kuswalia. Tumefanya hivyo mara mbili na watu walikuja wengi kuliko kawaida.

5. Chakula

Hapa sitafanya haraka, maana chakula kibovu hakisamehewi hata mgeni awe nani.

Agiza vitu vinavyovumilia kusubiri. Mtori, yaani supu nzito ya ndizi zilizopondwa na nyama, unafaa sana kuanzia: una joto (Juni na Julai hapa baridi si mchezo), unaliwa kwa kijiko kimoja, na hauna mifupa ya kumfanya mtu akae kimya anapambana. Baada yake pilau au ndizi za nyama, kuku wa kienyeji wa mchuzi, mchicha, kachumbari. Acha nyama choma kwa siku nyingine. Nyama choma inataka mikono miwili, inakuja kwa mafungu, na kila ikija mazungumzo yanakatika.

Nyama yote iwe ya kuchinjwa halali, hata kama Waislamu ni wawili. Ni rahisi kuliko kupika sufuria mbili na kuweka vibandiko. Nguruwe asiwepo mezani. Wageni kutoka Ethiopia walio Waorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa na misimu mirefu mingine: hawali nyama, mayai wala maziwa. Dengu au maharage ya nazi, mchicha usiotiwa maziwa na wali mweupe vinawatosha wao na pia wasiokula nyama kabisa. Kwa hiyo mimi huagiza sufuria hiyo kila mara, bila kuuliza nani anafunga. Haijawahi kubaki.

Onja kabla. Nenda wiki moja mapema, kaa kama mteja, agiza unachotaka kuagizia wengine. Kisha zungumza na msimamizi wa wahudumu, siyo meneja tu, umwambie sentensi moja: saa 2 kamili sahani zote zimeondolewa, na kuanzia hapo hakuna anayepita isipokuwa na chupa ya chai. Sauti ya vijiko vinavyotupwa kwenye beseni imewahi kummeza mgeni wetu katikati ya neno "Kagera".

Pombe: anayetaka ajinunulie, baada ya maswali. Uzoefu wetu ni kwamba bia ya pili na suala la mipaka ya nchi havikai meza moja.

6. Hesabu

Chukua mfano huu ubadili tarakimu kulingana na mji wako. Watu 24 wanachanga shilingi 35,000 kila mmoja: 840,000. Sahani ni 28, maana mgeni, mwenzake na wanafunzi wawili hawalipi. Sahani moja 22,000, jumla 616,000. Gari la mgeni 60,000, zawadi 50,000, bakshishi ya wahudumu 30,000. Inabaki 84,000, nayo ni akiba ya dharura.

Ukumbi tafuta usiolipiwa: migahawa mingi hutoa chumba cha pembeni bure ukiagiza chakula cha kutosha. Fedha zikusanywe kwa simu siku saba kabla. Aliyesema "nitalipa nikifika" hajathibitisha, mhesabu kama hayupo. Na msimtafute mfadhili. Siku kampuni ikilipia chakula, mkurugenzi wake ataomba "dakika mbili tu za kuwasalimu", na kuna maswali mtaanza kuyameza bila kuambiwa.

7. Usiku wenyewe

Saa 12:30 jioni: watu wanafika, chai ya tangawizi na karanga mlangoni.
Saa 1:00: kukaa, mtori.
Saa 1:20: chakula kikuu.
Saa 2:00: sahani zimeondoka. Utambulisho dakika 2, mgeni dakika 20.
Saa 2:25: maswali.
Saa 3:15: mwisho.

Ubishi wa zamani ni kama mgeni azungumze kabla au baada ya kula. Kabla ya kula, watu wanasikiliza harufu. Katikati, mgeni hali. Baada ya kula ndiyo sahihi, mradi asianze baada ya saa 2 usiku, kwa sababu baada ya hapo pilau inaanza kuwavuta kope.

Utambulisho ni wa mwongozaji, na una sentensi tatu: huyu ni nani, alikuwa wapi jambo letu lilipotokea, na swali letu ni lipi. Wasifu mzima ulishatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Ile "itifaki imezingatiwa" isemwe mara moja, na mwongozaji, kisha ni marufuku kwa wengine wote, maana kila anayeitamka huendelea kuitaja itifaki aliyosema imezingatiwa.

Kabla mgeni hajafungua kinywa, taja sharti la chumba. Sisi tunatumia kanuni iliyoanzia Chatham House, taasisi ya London, mwaka 1927: uliyoyasikia unaweza kuyatumia, lakini usiseme nani aliyasema, wala anatoka ofisi gani, wala nani mwingine alikuwepo. Lieleze kwa maneno hayohayo mepesi, kisha simu zilale kifudifudi mezani. Picha ya pamoja huvunja sharti hilo, kwa hiyo muulize mgeni faraghani kama anaikubali. Akisita, hakuna picha.

Kumdhibiti mzee anayeelekea 1987, kubalianeni mapema juu ya ishara. Yangu ni kumjazia maji kwenye glasi dakika ya 18. Anajua, nami najua, wengine wanaona heshima tu. Akiendelea, namwambia, "Mzee, hapo hapo pana swali," nami namtazama mwanafunzi.

Maswali ndiyo jioni yenyewe, kwa hiyo yaandae. Wakati wa mtori, gawa vikaratasi: kila mtu aandike swali moja lisilozidi mistari miwili. Mwongozaji anavipanga wakati watu wanakula, anaunganisha yanayofanana, anaanza na jepesi la ukweli na kuacha lenye miiba la kati. La miiba lisiwe la mwisho, mtaondoka na uchungu mdomoni. Linganisha haya mawili. La kwanza: "Unaonaje mustakabali wa utangamano wa kikanda?" La pili: "Siku ile Mandela alipoingia chumbani mara ya kwanza, nani hakusimama?" La kwanza linapewa hotuba. La pili lilimfanya mgeni wetu aweke kikombe chini, acheke peke yake kwanza, ndipo aanze.

Lugha iwe Kiswahili. Mgeni asiyekijua akae karibu na mtu mmoja anayemnong'oneza, na majibu yake mwongozaji ayafupishe kila baada ya dakika tatu au nne. Inachosha kidogo, lakini ukihamia Kiingereza kwa ajili ya mtu mmoja, dereva na muuza nafaka wananyamaza, na hao ndio uliowaita kwa makusudi.

8. Yatakayoharibika

Mgeni atakosa. Weka wa akiba, mtu wa ndani ya kikundi mwenye hadithi ya dakika 15, na usimwambie mtu. Umeme utakatika: taa mbili za kuchaji chini ya meza, mazungumzo yaendelee, gizani watu husema kweli zaidi. Mtu atasimama na kuhutubia badala ya kuuliza: mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, tupe alama ya kuulizia." Mtu atauliza jambo la siasa za chama chake: mwongozaji alirudishe kwenye swali la usiku ule, bila kumjibu wala kumkemea. Na mgeni akisema jambo kisha akaomba lifutwe, lifutwe kweli. Katika mji mdogo kama huu, jambo moja likivuja hakuna mstaafu mwingine atakayepokea simu yako.

9. Asubuhi yake

Kabla ya saa 4 asubuhi mtumie mgeni shukrani, na ndani yake taja jambo moja mahsusi alilolisema, ajue alisikilizwa. Siku hiyohiyo weka hesabu kwenye kundi, mpaka shilingi ya mwisho, pamoja na picha ya risiti ya mgahawa. Andika nusu ukurasa wa yaliyojifunzwa, bila jina la mtu. Kisha uliza kundi swali la jioni ijayo. Sisi sasa tunabishana kuhusu bandari: nusu wanataka mtu wa Mombasa, nusu wanataka mtu wa Dar, na yule mama wa nafaka anasema tumlete dereva aliyepakia kote kuwili.